Wavu wa Tabaka la Mpakani katika Uigaji wa Mtiririko wa Vipimo Vitatu: Utaratibu, Istilahi na Maswali ya Mshauri wa Sera

Ikisiri

Uigaji wa mtiririko wa maji na hewa kwa kompyuta ni nyenzo inayotumiwa katika usanifu wa mabwawa, madaraja, mitambo ya upepo na majengo marefu, na matokeo yake huwafikia washauri wa sera kama picha na takwimu ndani ya ripoti. Makala haya yanaeleza hatua moja ya kazi hiyo ambayo hutajwa kwa nadra katika ripoti ilhali ndiyo huamua kama matokeo yanaaminika: utengenezaji wa wavu wa tabaka la mpakani, yaani matabaka membamba yanayopangwa kando ya ukuta unaopitiwa na mtiririko. Makala yanafafanua kwa nini tabaka hilo linahitaji wavu wake, jinsi unene wake unavyokokotolewa, na jinsi linavyosukumwa nje katika vipimo vitatu. Hoja kuu ni kwamba matabaka yaliyoombwa na mhandisi si lazima yawe yale yaliyopatikana, na kwamba istilahi za Kiswahili zinazotaja tendo lenyewe humwezesha msomaji wa ripoti kuuliza juu ya tofauti hiyo.

1.0 Utangulizi

Anayepanda mto kwa mtumbwi hujongea ukingoni. Huenda hajasoma hesabu za mtiririko, lakini anajua kuwa katikati ya mto maji huenda kasi na kandokando hulegea. Maarifa hayo ya kawaida yanabeba kiini cha tatizo linalojadiliwa hapa: mahali ambapo kitu kinachotiririka kinagusana na kitu kigumu, mwendo hubadilika ndani ya umbali mfupi sana, na mabadiliko hayo ndiyo huzaa msuguano, joto na mivurugo ambayo mhandisi anataka kuikadiria.

Uigaji wa kikompyuta hujaribu kukokotoa mwendo huo kabla chombo hakijajengwa. Neno uigaji linatumika hapa kwa makusudi badala ya uigizaji, kwa kuwa uigizaji katika Kiswahili umeshika maana ya sanaa ya jukwaani, ilhali kinachofanyika ndani ya kompyuta ni kufuatisha tabia ya maumbile kwa hesabu. Vilevile, neno ugiligili linatumika kwa kila kitu kinachotiririka, kiwe kimiminika au gesi.

Kanda ya Afrika Mashariki ina sababu ya kulijali suala hili. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit nchini Kenya, una mitambo 365. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji nchini Tanzania lina mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235. Katika mitambo ya aina hizo, sehemu ya nishati inayopotea hupotea katika tabaka jembamba la hewa au maji lililoambatana na pangaboi. Anayeshauri serikali kuhusu ununuzi, upanuzi au ukarabati wa mitambo kama hiyo atakutana, mapema au baadaye, na ripoti yenye matokeo ya uigaji.

2.0 Tabaka la Mpakani

Mwaka 1752 mwanahisabati wa Ufaransa, Jean le Rond d'Alembert, alichapisha hitimisho lililowatatiza wataalamu kwa muda mrefu: kwa mujibu wa hesabu za ugiligili usio na mnato, kitu kinachosogea kwa kasi isiyobadilika hakipati ukinzani wowote. Kila mvuvi aliyewahi kuvuta kasia alijua kuwa jambo hilo si kweli. Ufumbuzi ulikuja Agosti 1904, pale Ludwig Prandtl alipowasilisha makala fupi katika Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati mjini Heidelberg, Ujerumani. Prandtl alionyesha kuwa mnato, hata uwe mdogo kiasi gani, hauwezi kupuuzwa karibu na ukuta. Ugiligili unaougusa ukuta huambatana nao, hivyo kasi yake kuhusiana na ukuta ni sifuri. Kutoka sifuri hiyo kasi hupanda hadi kufikia kasi ya mtiririko wa nje ndani ya ukanda mwembamba. Nje ya ukanda huo, hesabu za zamani zinaweza kutumika bila kosa kubwa.

Ukanda huo uliitwa kwa Kijerumani Grenzschicht, neno linalounganisha mpaka na tabaka. Kwa Kiswahili linaweza kuitwa tabaka la mpaka au tabaka la mpakani. Makala haya yanachagua la pili. Tabaka hilo si mpaka wenyewe. Mpaka ni ukuta. Tabaka ni ugiligili uliopo mpakani, na kiambishi -ni kinasema hivyo bila kuhitaji maelezo ya ziada.

Sifa mbili za tabaka hilo zinahusika moja kwa moja na wavu. Kwanza, mabadiliko ndani yake ni makali katika mwelekeo mmoja tu. Mtu akitoka ukutani kwenda nje, kasi hubadilika sana. Akitembea sambamba na ukuta, hubadilika polepole. Pili, tabaka linaweza kubanduka. Shinikizo likiongezeka kuelekea mbele, ugiligili wa karibu na ukuta, ambao tayari umechoka kwa msuguano, husimama na hata kurudi nyuma, na mtiririko wote huachana na ukuta. Bawa la ndege hupoteza uwezo wa kubeba, pangaboi hupoteza nguvu, na nguzo ya daraja huacha nyuma yake mawimbi ya mzunguko yanayoitikisa. Uigaji usioliona tabaka la mpakani hauwezi kujua litabanduka wapi.

3.0 Wavu, Fundo na Kijumba

Kompyuta haiwezi kukokotoa mtiririko katika kila nukta ya anga. Anga hugawanywa katika sehemu ndogo, na milinganyo ya mwendo hutatuliwa kwa kila sehemu. Mgawanyo huo wote huitwa hapa wavu. Nukta ambamo nyuzi zake hukutana huitwa mafundo. Wavu wa mvuvi hupimwa kwa ukubwa wa jicho lake, na istilahi hiyo inafaa kwa wavu uliotandazwa juu ya uso. Katika vipimo vitatu, hata hivyo, kila sehemu ina sakafu, dari na kuta zake, na neno jicho halitoshi. Neno seli limekwisha kuzoeleka katika biolojia. Makala haya yanatumia kijumba, kwa mfano wa vijumba vya sega la nyuki.

Mlinganisho wa wavu una faida nyingine. Kila mvuvi anajua kuwa samaki aliye mdogo kuliko jicho la wavu hupita. Kadhalika, badiliko la kasi linalotokea ndani ya umbali mdogo kuliko kijumba hupita bila kunaswa. Programu haitalalamika, itatoa jibu, na picha yake itakuwa na rangi nzuri kama nyingine yoyote.

4.0 Kukokotoa Unene: Mfano wa Bamba

Ili kuona ukubwa wa tatizo, na lichukuliwe bamba bapa lenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1, linalopitiwa na hewa yenye kasi ya mita 30 kwa sekunde. Mnato wa hewa, ukigawanywa kwa densiti yake, ni takriban mita mraba 0.000015 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo na nguvu ya mnato, inakuwa 2,000,000. Kwa kutumia kanuni za makadirio zinazofahamika kwa mtiririko wenye msukosuko, unene wa tabaka la mpakani mwishoni mwa bamba ni takriban milimita 20.

Milimita 20 zinaonekana kuwa nyingi, lakini sehemu muhimu zaidi imo chini kabisa. Wataalamu huipima kwa umbali usio na kizio unaoandikwa y+, yaani umbali kutoka ukutani uliogawanywa kwa kipimo kidogo kinachotokana na mnato na msuguano wa ukuta. Chini ya y+ ya 5, mnato hutawala na kasi hupanda kwa mstari ulionyooka. Juu ya 30 hivi, kasi hufuata kanuni ya logarithimu, ambayo Theodore von Kármán aliieleza mwaka 1930. Kati ya namba hizo mbili kuna eneo la mpito ambalo halifuati kanuni yoyote kati ya hizo.

Kutokana na hali hiyo, mhandisi ana njia mbili. Anaweza kuweka kijumba cha kwanza chini kabisa, pale y+ inapokaribia 1, na kuuacha uigaji uone kila kitu. Au anaweza kuanza juu ya 30 na kuiachia kanuni ya logarithimu ijaze pengo lililobaki hadi ukutani. Njia ya pili ni nafuu, lakini hutegemea kanuni iliyotungwa kwa mtiririko ulioambatana na ukuta. Tabaka likibanduka, kanuni hupoteza msingi wake. Kosa la kawaida ni kuangukia katikati, katika eneo la mpito, bila kujua.

Kwa bamba la mfano, y+ ya 1 ni sawa na takriban milimita 0.012. Kama vijumba vyote vingekuwa na kimo hicho, matabaka zaidi ya 1600 yangehitajika kufikia milimita 20. Na kama kila kijumba kingekuwa na pande zinazolingana, tabaka moja tu juu ya bamba lingekuwa na vijumba zaidi ya bilioni 6.

Ufumbuzi unatokana na sifa ya kwanza iliyotajwa katika sehemu ya 2.0. Kwa kuwa mabadiliko ni makali katika mwelekeo mmoja tu, kijumba kinaweza kuwa chembamba katika mwelekeo huo na kipana katika mielekeo mingine. Aidha, kila tabaka linaweza kuwa nene kidogo kuliko lililotangulia. Kwa uwiano wa ukuaji wa 1.2, yaani kila tabaka likizidi la chini yake kwa asilimia 20, matabaka 32 yanatosha. Tabaka la mwisho linakuwa na unene wa takriban milimita 3.5. Kama uso wa bamba umegawanywa katika pembetatu zenye pande za milimita 5, idadi yote ya vijumba vya tabaka la mpakani ni karibu milioni 3, kazi ambayo kompyuta ya kawaida ya ofisini inaweza kuikabili. Mhandisi akichagua njia ya pili na kuanza na y+ ya 30, matabaka 14 yatatosha.

5.0 Kulisukuma Tabaka Nje

Bamba bapa ni rahisi. Vitu halisi vina mikunjo, kona na mianya, na hapo ndipo kazi ya vipimo vitatu inapoanza. Utaratibu unaotumika sana ni kusukuma matabaka kutoka ukutani kuelekea nje, moja baada ya jingine. Shahyar Pirzadeh wa NASA alieleza utaratibu wa aina hiyo katika miaka ya 1990, na programu nyingi za leo hufuata mantiki inayofanana nao.

Kwanza, uso wa kitu hugawanywa katika pembetatu. Ubora wa kila kinachofuata hutegemea hatua hii, kwa kuwa pembetatu mbaya huzaa vijumba vibaya katika matabaka yote yaliyo juu yake. Pili, kwa kila fundo la uso, programu hutafuta mwelekeo wa kusukumia. Mwelekeo huo ni wastani wa mielekeo iliyo wima juu ya pembetatu zinazolizunguka fundo, na sharti lake ni kwamba pembetatu zote hizo ziweze kuonekana kutoka mahali fundo jipya linapowekwa. Sharti hilo likivunjwa, kijumba hupinduka ndani-nje na ujazo wake huwa hasi. Tatu, fundo husukumwa kwa kimo kilichokokotolewa, na kila pembetatu ya chini huunganishwa na pembetatu mpya ya juu. Umbo linalotokea ni mche pembetatu, umbo ambalo mwanafunzi wa hisabati amekwisha kulisoma. Hatua hiyo hurudiwa hadi idadi ya matabaka itimie. Mwisho, anga iliyobaki hujazwa kwa piramidi za pembetatu, ambazo ni rahisi kuzipanga katika nafasi yenye umbo lolote.

Ugumu hujitokeza mahali pa namna tatu. Kwenye ukingo mkali, kama ukingo wa nyuma wa bawa, mwelekeo mmoja hautoshi kwa fundo moja. Pande mbili za bawa zinatazama kinyume, hivyo fundo hupewa mielekeo kadhaa inayofunguka kama kipepeo cha ukindu. Kwenye kona ya ndani, kama pale bawa linapoungana na kiwiliwili cha ndege, matabaka ya kuta mbili hukaribiana na kugongana. Na kwenye mwanya mwembamba, kama nafasi iliyopo kati ya pangaboi na gamba la mtambo, matabaka ya pande mbili hukosa nafasi ya kukua.

Programu hukabili migongano hiyo kwa njia mbili. Inaweza kuyabana matabaka ili yote yaenee katika nafasi iliyopo. Au inaweza kukatiza baadhi yake, hivyo matabaka yakashuka kama ngazi kuelekea kona. Njia ya kwanza hulinda idadi ya matabaka lakini hubadilisha unene uliokokotolewa. Njia ya pili hulinda unene lakini huacha kuta za pembenne zilizo wazi, ambazo lazima zifunikwe kwa piramidi zenye kitako cha pembenne kabla ya kuungana na vijumba vya nje.

6.0 Yaliyoombwa na Yaliyopatikana

Hapa ndipo penye jambo linalomhusu mshauri wa sera zaidi kuliko mengine yote. Mhandisi huiomba programu matabaka, tuseme, 32. Programu hujaribu, hukagua ubora wa kila kijumba, na pale ubora unapokiuka masharti, hupunguza matabaka au huyaondoa kabisa. Ripoti ya mwisho inaweza kuandika kwa uaminifu kwamba wavu uliandaliwa kwa matabaka 32, ilhali katika baadhi ya sehemu za ukuta hakuna hata moja.

Sehemu hizo hazitawanyiki kwa bahati nasibu. Matabaka hupotea kwenye kona, kwenye kingo na kwenye mianya, na hizo ndizo sehemu ambazo mtiririko huelekea kubanduka. Kwa maneno mengine, wavu hudhoofika palepale panapohitajika zaidi. Wastani wa uso mzima hauwezi kufichua udhaifu huo, kwa kuwa nyuso bapa na pana hupata matabaka yote bila shida na kuficha upungufu wa kona chache.

Taarifa yenyewe si siri. Programu ya snappyHexMesh, iliyomo katika mkusanyo huria wa OpenFOAM, huchapisha jedwali la matabaka na unene uliopatikana kwa kila uso. Kinachokosekana ni desturi ya kulihamishia jedwali hilo katika ripoti.

Historia ya fani inaonyesha kuwa tahadhari hii si ya wanagenzi peke yao. Mwaka 2001 Taasisi ya Marekani ya Usafiri wa Anga na Anga za Juu, AIAA, iliandaa warsha ya kwanza ya kutabiri ukinzani wa ndege. Wataalamu walikokotoa mtiririko kuzunguka umbo lilelile, linalojulikana kama DLR-F4, na majibu yao yalitawanyika. Warsha zilizofuata zilitilia mkazo familia za wavu zinazofanywa laini hatua kwa hatua, ili ijulikane ni kiasi gani cha jibu kinatokana na maumbile na ni kiasi gani kinatokana na wavu. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya NASA na kuchapishwa mwaka 2014, kuhusu mwelekeo wa fani hii hadi 2030, bado ulitaja utengenezaji wa wavu kuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa.

7.0 Istilahi na Maswali ya Mshauri

Inaweza kudaiwa kuwa mambo haya yawaachiwe wahandisi, na kwamba kuyasema kwa Kiswahili ni pambo. Madai hayo yanasahau ni nani anayefanya uamuzi. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Ikiwa ripoti za kitaalamu zitajadiliwa katika lugha hiyo, wajumbe watahitaji maneno ya kuulizia, si ya kupokelea tu.

Kazi kubwa imekwisha kufanyika katika istilahi za sayansi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990, ni mfano. Hata hivyo, orodha ya istilahi moja moja haitoshi kwa mchakato kama huu. Maneno wavu, fundo, tabaka, kusukuma, kubana, kukatiza na kubanduka yanafaa kwa pamoja kwa sababu yanatoka katika tajiriba moja ya mikono na macho. Msomaji aliyeelewa moja anaweza kukisia la pili, na akiambiwa kuwa tabaka limekatizwa kabla ya kona, anaona kilichotokea. Ukopaji una nafasi yake pia: logarithimu na densiti havina haja ya kutafutiwa mbadala, na alama ya y+ ibaki ilivyo, ili mtaalamu anayesoma machapisho ya nje asipotee.

Kwa kutumia istilahi hizo, mshauri asiye mhandisi anaweza kuuliza maswali matano:

(i) Kimo cha tabaka la kwanza ni kiasi gani, na kinalingana na y+ ya ngapi?
(ii) Je, mtiririko karibu na ukuta umekokotolewa hadi ukutani, au umekadiriwa kwa kanuni? Kama umekadiriwa, mtiririko unatarajiwa kubanduka?
(iii) Matabaka mangapi yaliombwa, na mangapi yalipatikana, kwa kila uso na siyo kwa wastani?
(iv) Sehemu zilizokosa matabaka ziko wapi, na je, ni muhimu kwa uamuzi unaofanywa?
(v) Hesabu ilirudiwa kwa nyavu ngapi zenye ulaini tofauti, na jibu lilibadilika kwa kiasi gani?

Maswali haya hayamfundishi mhandisi kazi yake. Mhandisi makini anayo majibu tayari, na atafurahi kuulizwa. Aliyetegemea picha za rangi ndiye atakayehitaji muda zaidi.

8.0 Hitimisho

Wavu wa tabaka la mpakani ni kazi ya milimita, na mara nyingi ya sehemu ya mia moja ya milimita, lakini makosa yake hupimwa kwa megawati na kwa fedha za umma. Makala haya yameonyesha kuwa tabaka hilo huhitaji vijumba vyembamba vinavyokua kwa uwiano, kwamba kulisukuma nje katika vipimo vitatu hukwama kwenye kona, kingo na mianya, na kwamba kukwama huko kunaweza kupita bila kutajwa katika ripoti.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba hadidu za rejea za miradi inayotegemea uigaji wa mtiririko ziwatake washauri elekezi waambatishe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaojibu maswali matano yaliyoorodheshwa. La pili ni kwamba vyombo vya kusanifu istilahi, ikiwemo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vikae na wahandisi na kusanifu istilahi za mchakato mzima kwa mkupuo mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika uigaji wa mtiririko ufa huo upo kati ya ukuta na kijumba cha kwanza, na gharama ya kuuziba ni ndogo iwapo utatajwa kabla ya uamuzi kutolewa.